Ulinganisho: Spark mpya, Samsung ya mwaka jana, iPhone ya mtumba au kitochi? Duka lipo Kigoma, mtaji milioni 7

Mwisho_wa_Reli (mwenye uzi)

Wakuu habari za usiku. Nina kaduka ka simu hapa Mwanga, Kigoma Mjini, mwaka wa nne sasa. Fremu moja, kabati la kioo, meza ya protekta na chaja, na feni ambayo kazi yake kubwa ni kuhamisha vumbi. Mwezi uliopita nimemaliza deni la fremu, nimebakiwa na milioni 7 taslimu, na sitaki kurudia kosa la mwaka jana.

Kosa lenyewe ni hili. Mei 2024, mwanzoni kabisa mwa mwezi, nilienda Kariakoo nikabeba Tecno Spark 20 vipande 12 kwa 330,000 kila kimoja. Hiyo ni 3,960,000, zaidi ya nusu ya mtaji wa wakati ule. Wiki mbili za kwanza nikauza 5, faida 25,000 kwa kila moja, nikajiona nimeuelewa mji. Baada ya hapo kimya. Juni kimya, Julai kimya. Septemba zikaanza kusikika Spark 30. Mteja anaingia dukani, haangalii hata kabati, ananionyesha video ya TikTok na kuuliza zile za namba 30 nazileta lini. Kariakoo bei ya 20 ikashuka. Saba zilizobaki nikazisukuma kwa hasara ya 20,000 kila moja. Pigeni hesabu: 125,000 zimeingia, 140,000 zimetoka. Mtaji umelala miezi minne na zaidi, mwisho wake nimetoa 15,000 mfukoni, na kodi sijaigusa.

Sasa nalinganisha. Naweza kukimbizana na toleo jipya, yaani Spark 40 na Samsung A17, nikubali mzigo mdogo na faida ndogo. Naweza kusubiri toleo lililopita lishuke bei ndiyo nibebe, mfano A16. Kuna jamaa ananishawishi iPhone za mtumba wa Dubai, XR na 11, anasema faida ni mara mbili. Na kuna vitochi, ambavyo sijawahi kuvipa heshima, viko chini ya kabati pamoja na betri.

Nachouliza siyo simu ipi nzuri. Nauliza simu ikiwa na umri gani ndiyo inamlipa mwenye duka la huku mwisho wa reli.

Mgebuka

Uza migebuka ya ziwani mkuu. Haina toleo jipya.

Msomi_Uchwara

Nipo Tabora, nilisoma biashara, nauza asali. Kwa hiyo nichukulieni kwa kiasi.

Unachouliza kina jina darasani: mzunguko wa maisha ya bidhaa. Theodore Levitt wa Harvard aliueleza mwaka 1965 na watu hawajaacha kuutumia: bidhaa inaingia sokoni, inakua, inakomaa, inashuka. Mwaka mmoja baadaye Raymond Vernon akaongeza jambo linalotuhusu sisi zaidi: bidhaa inazaliwa kwenye nchi tajiri, na kadiri inavyozeeka kule ndivyo inavyosogea kwa wengine. Ikifika Tabora na Kigoma mara nyingi tayari ina mvi.

Mfano ninaoupenda ni iPod, kile kifaa cha mfukoni cha kusikilizia muziki. Apple waliitoa Oktoba 2001. Januari 2004 wakatangaza iPod mini, ikauzwa kama maandazi ya asubuhi. Septemba 2005, ikiwa bado inaongoza kwa mauzo, wakaiua wenyewe na kuweka nano mahali pake. Hawakungoja ianze kushuka. Halafu 2007 wakatoa iPhone, ambayo ndani yake ilikuwa na iPod nzima, yaani wakaanza kuila bidhaa iliyokuwa inawalisha. iPod ya mwisho ilitangazwa kusitishwa Mei 2022, zaidi ya miaka 20 tangu ya kwanza.

Kwa hiyo mwenye uzi, kosa lako siyo Spark 20. Kosa ni kwamba uliingia ikiwa imeshakomaa, ukasubiri ianze kushuka ukiwa nayo mkononi. Ilikuwa utoke Juni hata kwa faida ya elfu tano.

Kariakoo_Mzoefu

Msomi umeeleza vizuri ila unamshauri mtu mwenye kibanda kwa mfano wa mtu mwenye kiwanda. Apple akiiua iPod mini, nano ni yake. Faida imetoka mfuko wa kulia imeingia wa kushoto. Mwenye uzi akiua Spark 20 dukani kwake, Spark 30 inabidi akainunue kwa hela ambayo imelala kwenye Spark 20.

Na hata Apple aliwahi kuchomwa na jambo hilohilo la bei. iPhone ya kwanza iliingia madukani Marekani tarehe 29 Juni 2007, ile ya GB 8 kwa dola 599. Septemba 5 wakaishusha hadi 399. Siku 68 tu. Watu waliopanga foleni mwezi wa sita wakawaka, mpaka Steve Jobs akaandika barua ya kuomba radhi na kuwapa vocha ya dola 100 ya kununulia vitu kwenye duka lao. Sasa wewe mwenye uzi, bei iliposhuka Kariakoo, aliyekuuzia alikupa vocha? Mimi nimeuza jumla miaka tisa na sijawahi kumrudishia mtu senti. Nasema ukweli. Mzigo ukitoka mlangoni kwangu, kushuka kwa bei ni mali yako.

Ndiyo maana kwenye toleo jipya mimi namwambia mtu wa mkoani: usibebe zaidi ya unachouza kwa wiki tatu. Vipande vitatu au vinne. Nauli ya kifurushi kwenye basi haizidi hasara ya simu moja iliyododa. Unaagiza leo, kesho kutwa unayo Kigoma.

Na kuna jambo jingine limebadilika, watu hawalisemi. Mteja wa toleo jipya wa miaka minne iliyopita siye wa leo. Leo anachukua simu ya mkopo: anatanguliza kidogo, analipa kila siku kwa simu, asipolipa inajifunga. Wale wanaokopesha wamekaa kwenye ule umri mtamu wa simu, ule wa miezi mitatu ya kwanza. Wewe unayetaka laki tatu na nusu taslimu unabaki na wachache.

Mwisho_wa_Reli

@Kariakoo_Mzoefu hapo kwenye mikopo umenigusa. Mbele ya duka langu wamesimika mwavuli, vijana wawili wamevaa fulana zinazofanana. Mteja anaingia kwangu kuuliza bei, anatoka anaenda kuchukua kwao, kisha anarudi kwangu kununua kava.

FundiWaUjiji

Mwakeye ndugu zangu. Mimi nauza muda wangu na bisibisi, simu siuzi, lakini simu zote mnazozitaja zinaishia mezani kwangu hapa Ujiji, kwa hiyo naomba nizungumze kama mtu anayeosha maiti.

Nyinyi mnahesabu umri wa simu kuanzia siku ilipozinduliwa. Kwangu simu inazeeka kwa mambo matatu: kioo, betri na WhatsApp. Basi.

Kioo. Simu inakufa siku bei ya kioo inapovuka nusu ya bei ya simu yenyewe. Mtu akiambiwa kioo laki na ishirini kwa simu ambayo leo ataipata kwa laki mbili, anaiacha mezani. Ninazo kwenye boksi, nyingine zina picha za harusi za watu. Kwa hiyo kabla hujanunua simu yoyote kuuza, uliza kioo chake. Samsung za A1 zote, kuanzia A10 ya 2019 hadi A16, vioo vimejaa, kila fundi anacho, na vinashuka bei kadiri simu inavyozidi kuwa nyingi mtaani. Hicho ndicho mnachokiita kukomaa. Kwangu kukomaa maana yake spea ipo. Simu ambayo imetoka juzi ikipasuka Kigoma, mteja anasubiri kioo kitoke Dar, na anakulaumu wewe uliyemuuzia.

Betri. Hapa ndipo ilipo iPhone ya mtumba. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone hadi 14 zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa kamili mara 500. Kuanzia 15 wakasema mara 1,000. XR ilitoka Oktoba 2018. Hesabu mwenyewe imechajiwa mara ngapi huko ilikotoka. Ukifungua mipangilio ukakuta afya ya betri asilimia 100 kwenye XR ya Dubai, usifurahi, kaa chini ujiulize. Ama betri imebadilishwa ama namba imepikwa. Simu yenyewe husaidia: XR na za baada yake zikiwekewa betri isiyo ya Apple zinaandika ujumbe kwamba haitambuliki. Na 11 kwenda mbele zinafanya hivyo kwa kioo pia. Ingia sehemu ya Kuhusu, soma, ndiyo ulipe.

Halafu masasisho. iOS 26, mfumo wa iPhone uliotoka Septemba 2025, imeiacha XR, XS na XS Max. iPhone 11 ndiyo mzee wa mwisho aliyebaki ndani ya toleo hilo. Simu haizimi siku hiyo, itaendelea kupiga na WhatsApp itaendelea, lakini saa imeanza kuhesabu. Huyo jamaa anayekushawishi XR, muulize kwa nini anaziuza kwa wingi mwezi huu huu.

WhatsApp sasa. Hii ndiyo roho. Januari 1, 2025 WhatsApp iliacha Android 4.4 na za nyuma yake. Mwaka huohuo wakaacha iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Wiki ile nilipokea simu kama kumi na tano, wenyewe wanasema "fundi imeharibika". Haijaharibika baba, imestaafishwa. Hakuna kushuka taratibu kama kwenye mchoro wa Msomi. Jioni simu ina thamani ya elfu themanini, asubuhi ni spea.

Msomi_Uchwara

Fundi hicho ulichoeleza ni bora kuliko muhula wangu wote wa pili. Mchoro wetu unashuka kama mlima, wako unashuka kama kisima.

Bwana_Kava

Shikamoo fundi. Swali fupi, A16 inadumu? Nimesikia ina masasisho ya miaka sita.

FundiWaUjiji

Marahaba. Ndiyo, Samsung wameahidi miaka sita kwa A16. Kwa simu ya bei ile ni jambo jipya, zamani za A1 zilikuwa zinapata miwili, minne. Lakini bandari ya chaji itakufa kabla ya ahadi. Vumbi la huku halijasoma ahadi.

Dada_Wakala

Naona wanaume wote mnazungumzia taa za mbele, nyuma mmeacha giza. Mimi ni wakala Kasulu, sokoni. Nauza vitochi.

Mwenye uzi umeviweka chini ya kabati na betri. Mimi viko juu, mstari wa kwanza. Nanunua vya 20 na kitu, nauza 28,000 hadi 35,000, faida elfu nne au tano. Kidogo, sawa. Lakini siku ya soko natoa sita, saba, na kila kitochi kinapotoka hakitoki peke yake: ninasajili laini kwa alama za vidole, mtu anaweka hela ya kwanza, anajifunza *150*00# ya M-Pesa nikiwa nimemshikia kidole, na kesho akitaka kutoa hela anarudi kwa dada aliyemfundisha. Kitochi kwangu ni mlango.

Kuhusu umri: mnakumbuka Nokia 1100? Ilitoka 2003, ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Tochi juu, vitufe vya mpira visivyoingiza vumbi. Kampuni yenyewe iliuza kitengo cha simu kwa Microsoft mwaka 2014, jina likarudi kwa watu wengine, na bado leo mteja wangu wa miaka 60 akija anasema "nipe ile ya tochi". Hajali imetengenezwa na nani. Hakuna anayeniuliza toleo jipya la kitochi linakuja lini. Nikilala na mzigo miezi minne, bei ni ileile.

Kariakoo_Mzoefu

Dada heshima yako, ila 1100 unayouziwa leo "mpya kwenye boksi" siyo ya 2003. Tuwe wakweli.

Dada_Wakala

Sijasema nauza 1100, kaka. Nimesema wanaiulizia. Nauza itel na wenzake, boksi limefungwa, na kila moja nabonyeza *#06# kuona namba ya IMEI mbele ya mteja. Nimejifunza kwa maumivu. Juni 16, 2016, siku TCRA walipozima simu feki, nilikuwa na vipande 19 kabatini nilivyoletewa na dalali. Asubuhi ile vilikuwa vifaa vya kuchezea watoto. Dalali hakupokea simu, labda na yake ilikuwa feki.

Mgebuka

😂😂 dada umeua

FundiWaUjiji

Dada yuko sahihi ila angalizo moja. Kuna vile vitochi vilivyokuwa na WhatsApp, vya mfumo wa KaiOS. Hivyo siyo vitochi, ni simu janja zilizovaa nguo za kitochi, na zinakufa kama simu janja. 2024 WhatsApp ikaondolewa kwenye duka lao la programu. Mtu akikuletea kwa bei ya kutupa, jua kwa nini anatupa. Kitochi cha kweli kinaishi kwa sababu hakina ahadi yoyote ya kuvunja.

Boti_ya_Kibirizi

Nimesoma uzi wote nikacheka peke yangu. Mwenye uzi, rudi kwenye maelezo yako ya kwanza. Umesema ulishusha mzigo mwanzoni mwa Mei 2024. Ukauza tano wiki mbili. Halafu kimya mpaka Agosti. Spark 30 umeisikia Septemba.

Sasa Spark 30 iliwezaje kukuulia biashara ya Juni?

Mei 15, 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvua hadi Agosti 15. Makubaliano ya nchi nne, sisi na Burundi, Kongo na Zambia, samaki wapumue. Miezi mitatu. Wiki zako mbili nzuri ni zile za mwisho kabla ziwa halijafungwa, watu walikuwa wanamalizia. Mimi natoa mizigo Kibirizi kwenda vijiji vya kusini, Buhingu, Kalya, huko. Juni ile boti ilikuwa inaondoka na abiria na magunia ya unga, vifurushi vya simu sikuona hata kimoja. Na wewe uko Mwanga, dagaa walipopanda bei hukuona?

Wakati ziwa liko wazi pia kuna mwezi. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa hawaingii. Giza likirudi hela inarudi. Mimi nauza simu kidogo kando ya mizigo, na sinunui mzigo bila kuangalia juu kwanza. Mnaongea Septemba ya Apple, sijui Februari ya Samsung. Kibirizi kuna mwezi mmoja tu na uko angani.

Mwisho_wa_Reli

Kaka nimesoma hii mara tatu. Nilijua ziwa limefungwa, nani Kigoma hakujua. Ila wateja wangu wengi ni walimu, bodaboda na wafanyakazi wa maduka, hawana harufu ya dagaa, sikuunganisha. Sasa nafikiria: bodaboda wangu wanabeba nani? Wanabeba watu wa Kibirizi na Katonga. Wenye maduka wanamuuzia nani?

Mwaka mzima nimekuwa nailaani Tecno bure.

Kariakoo_Mzoefu

Usiitakase Tecno yote. Hata ziwa lingekuwa wazi, vipande 12 vya toleo la Desemba ukanunua Mei ni vingi. Ziwa lilikuchelewesha, namba mpya ikakumalizia. Vyote viwili.

Msomi_Uchwara

Hapo Kariakoo yuko sawa. Kuna kampuni ya kompyuta Marekani, Osborne, ilitangaza mashine mpya mwaka 1983 kabla haijawa tayari. Wateja wakaacha kununua ya zamani, mpya haijafika, mwaka haujaisha kampuni ikafilisika. TikTok inamfanyia hivyo kila mwenye duka la mkoani: video ya Spark mpya inafika Kigoma siku hiyohiyo, simu yenyewe inafika baada ya wiki.

Mwisho_wa_Reli

Basi swali kwa @Boti_ya_Kibirizi: vijiji vya kusini wanachukua simu ya umri gani?

Boti_ya_Kibirizi

Wanachukua betri. Kule simu inachajiwa kwa sola kwenye kibanda, analipia, anasubiri foleni. Mtu anataka simu akichaji Jumatatu aongee hadi Jumatano. Simu ya mAh 5,000 iliyotoka miaka miwili iliyopita inaishinda iPhone yoyote utakayoleta. iPhone 11 Kalya ni pambo.

Zinazotembea ni Samsung A14, A15, Spark za nyuma, na hasa zilizotumika hapahapa Kigoma mwaka mmoja. Mwalimu wa Mwanga anabadili simu, ile ya kwanza inashuka ziwani. Kuna Wakongo pia, wanavuka, wananunua tano, sita kwa mkupuo, hawabishani sana kuhusu toleo ila wanataka laini mbili na wanaibonyeza hapohapo kuona kama lugha inabadilika kwenda Kifaransa. Tunasema huku ni mwisho wa reli. Reli ndiyo imeisha, simu inapanda boti.

FundiWaUjiji

Na ikirudi toka kule inarudi kwangu, imenyeshewa. Hiyo nayo ni hela, mimi silalamiki.

Mwenye uzi, hilo la Boti ndilo ningefanya kama ningekuwa na milioni 7. Usiuze simu mpya tu, pokea ya zamani. Mwalimu anakuja na A14, kioo kizima, betri imechoka. Unampigia hesabu, anaongeza hela anachukua A16. Ile A14 unaniletea, naweka betri, nasafisha bandari ya chaji, unampa Boti. Faida unaipata mara mbili kwenye simu moja, na ile ya pili haina mpinzani mwenye mwavuli. Wale wa mkopo hawapokei simu ya zamani.

Sharti: usipokee bila risiti au boksi, na mwenyewe aandike jina na kitambulisho. Simu ya wizi ikikutwa dukani kwako utaeleza polisi mzunguko wa maisha ya bidhaa mpaka asubuhi.

Bwana_Kava

Na iPhone mnaitupa kabisa? Vijana wa chuo wanaziulizia sana huku kwetu.

Kariakoo_Mzoefu

Haitupwi. Ila inunuliwe kwa oda na mwenye oda aweke nusu. Na kama utabeba, usibebe Agosti. Karibu kila Septemba Apple wanatoa mpya, na wanapotoa wanaondoa ya zamani kwenye rafu: 11 iliondoka Septemba 2022, 12 ikaondoka 2023, 13 ikaondoka 2024. Kila wanapofanya hivyo bei za mtumba zinatikisika. Subiri Oktoba, Novemba. Na XR kama fundi alivyosema, kwa heri. Anzia 11, ikiwezekana 12. Hakikisha haijafungwa kwa akaunti ya iCloud ya mtu: iwashe, itoe yote, ianze upya mbele yako, ikikuomba nywila ya mtu usiyemjua irudishe.

Dada_Wakala

Mpaka sasa hakuna aliyemwambia aviondoe vitochi chini ya kabati.

Mwisho_wa_Reli

Dada, nimeviondoa leo asubuhi kabla hujaandika. Viko mstari wa juu, saba tu vilivyokuwepo, na nimeuza viwili kabla ya saa sita. Kimoja kwa mama ambaye amekuwa akipita hapo dukani miaka yote, akadhani siuzi.

Nimekaa na daftari. Nitaweka milioni 1.2 kwenye vitochi na kuomba uwakala. Milioni 2.5 Samsung A16 na Spark 30, siyo 40, na kwa mafungu ya vipande vinne. Toleo jipya nitakuwa na moja ya kuonyesha, anayeitaka naagiza. Milioni 2 za kupokea simu za walimu, Fundi nitakuja Ujiji Jumamosi tukubaliane bei ya betri kabla sijaanza kuahidi watu. iPhone kwa oda tu. Inayobaki 1.3 naiacha benki hadi nione Mei inaingiaje, maana kama ziwa litafungwa tena sitaki kuwa na kitu kabatini zaidi ya vitochi na kava.

Ila kuna kitu bado kinanisumbua kwenye hesabu ya kupokea za zamani. Mwalimu akileta A14 nikampa 110,000, nikaweka betri, nikaiuza 160,000, Boti anataka ngapi kwa kipande?

Boti_ya_Kibirizi

Elfu kumi na tano, na kava juu yako. Kule bila kava hawanunui, mawe ni mengi.

Mwisho_wa_Reli

Kumi.

Boti_ya_Kibirizi

Kumi na mbili, na uzifunge kwenye nailoni mbili. Alhamisi naondoka, leo giza ni la tatu.